Je, Wajua? Harusi Isiyofanana na ya Jirani: Toleo la Kamina

Kiangazi kikikaribia, Kamina hujaa kadi za mwaliko. Ukizipanga mezani utadhani zote zimetoka kwa bibi harusi mmoja: ukumbi uleule, keki ya ghorofa tatu, magari yaliyofungwa riboni, na mshereheshaji anayeahidi jambo la kushangaza ambalo wageni wote wameshaliona kwenye harusi iliyopita. Vijana wanaotaka kitu chao hukimbilia simu, wakarudi na harusi ya Dubai iliyopunguzwa bei. Safari hii tumewakusanyia mambo ya karibu zaidi. Mengi ni ya hapahapa Haut-Lomami, machache tumeazima kwa majirani.

Je, wajua kwamba mojawapo ya misa zinazojulikana zaidi duniani ilizaliwa Kamina? Mwaka 1953 Padri Guido Haazen, Mfransiskani kutoka Ubelgiji, alikabidhiwa shule ya misheni hapa mjini. Miezi michache baadaye alikuwa na kwaya: wavulana wapatao 45 wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu 15. Kwa pamoja, wakibuni huku wakiimba, walitengeneza Missa Luba: maneno ni ya Kilatini, sauti na midundo ni ya huku kwetu. Iliadhimishwa kwa mara ya kwanza katika misheni ya Mtakatifu Bavo, Kamina, tarehe 23 Machi 1958. Mwaka huohuo kwaya ikaenda Ulaya, ikaimba kwenye Maonyesho ya Dunia mjini Brussels. Miaka kumi baadaye mwongozaji Lindsay Anderson aliiweka Sanctus yake ndani ya filamu ya Kiingereza iitwayo If...., na filamu hiyo ikatwaa tuzo kuu ya Cannes mwaka 1969.

Linalotuhusu sisi wenye harusi ni hili: santuri ile haikuwa na misa peke yake. Upande mwingine ulijaa nyimbo na ngoma za kienyeji, na kati yake zimo nyimbo za ndoa. Maana yake ni kwamba Kamina ina nyimbo zake za harusi zilizorekodiwa tangu enzi za babu zetu, zimezunguka dunia nzima, na bado bibi harusi wa Kamina anaingia kanisani kwa muziki uliopakuliwa jana. Mkaribie kiongozi wa kwaya yako miezi mitatu kabla. Mpe rekodi aisikilize. Wavulana wa 1958 hawakuwa na noti za kusoma walipokuwa wakiibuni. Kwaya yenu itaweza pia.

Je, wajua kwamba ule wimbo wa “bibi harusi anaingia” unaopigwa kwenye kinanda ni wa Richard Wagner, kutoka opera ya Lohengrin ya mwaka 1850, na kwamba ndani ya opera hiyo ndoa yenyewe inavunjika usiku uleule? Ulipata umaarufu kanisani baada ya kupigwa kwenye harusi ya binti wa Malkia Victoria wa Uingereza mwezi Januari 1858, karne moja kabla ya misa ya Kamina. Chaguo ni lako.

Je, wajua kwamba Wakatoliki hawana sababu ya kusimama kama nguzo? Roma iliidhinisha misale ya majimbo ya Zaire mwaka 1988, na kucheza kuzunguka altare kumo ndani yake.

Je, wajua kwamba sheria ya Kongo haidai mahari makubwa? Hapa tutulie kidogo, maana ndipo harusi nyingi zinapokwama. Kanuni ya Familia, yaani sheria namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, ambayo ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inataka mahari yawepo: bwana harusi na familia yake wakubaliane na wazazi wa bibi harusi juu ya vitu au fedha, na sehemu yake angalau iwe imekwisha kutolewa kabla ya ndoa kufungwa. Lakini sheria hiyohiyo inakubali mahari yawe ya ishara tu. Ile orodha ya kurasa mbili, yenye suti ya baba, viatu namba fulani, vikwembe vya mama, magunia ya chumvi, baiskeli, mbuzi wa huyu na mbuzi wa yule, imeandikwa na familia. Serikali haikuidai.

Sisemi orodha ichanwe. Mbuzi wa mjomba ana kazi yake, na mjomba aliyerukwa atalikumbusha jambo hilo kwenye kila msiba kwa miaka thelathini. Ila kuna wazo ambalo familia zenye busara zinaweza kulijaribu: wazee wa pande zote mbili waketi kabla ya orodha kuandikwa, wachague vitu vichache vyenye maana, na kile kilichobaki kigeuzwe kuwa mali ya nyumba mpya. Cherehani, kwa mfano. Au mabati. Baba wa bibi harusi anakabidhiwa mabati mbele ya watu wote, anayashika, anayabariki, kisha anayarudisha kwa vijana wakaezeke. Heshima imetolewa, picha zimepigwa, na mvua ya Oktoba haitawakuta chini ya turubai.

Je, wajua kwamba ndoa inaweza kufungwa nyumbani, katika familia, kwa desturi, kisha ikasajiliwa kwa afisa wa hali ya kiraia? Ni njia halali. Si lazima kukodi ukumbi ili uwe mke wa mtu.

Je, wajua kwamba siku ya ndoa ya serikali mtatakiwa kuchagua namna ya kumiliki mali? Ziko tatu: kila mtu na chake, kuchangia vile mtakavyochuma pamoja, au kuchangia vyote, vya zamani na vipya. Msipochagua, sheria inawaweka kwenye ile ya katikati. Maharusi wengi huzungumzia rangi ya vitambaa vya meza kwa wiki nzima, swali hili wanakutana nalo wakiwa wamesimama mbele ya afisa.

Je, wajua kwamba Waluba walikuwa na kitabu cha kumbukumbu kisicho na karatasi? Ni lukasa. Ubao wa mti wenye kutosha kiganjani, umebonyea kiunoni, uso wake umepambwa kwa shanga na misumari. Wenye kuusoma walikuwa wa chama cha Mbudye, watunzaji wa historia ya ufalme. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia juu ya shanga, polepole, huku akisimulia au kuimba: nani alitawala, alitoka wapi, alivuka mto gani, alizikwa wapi. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo ingeweza kuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga, njia. Msomaji mwingine, siku nyingine, mbele ya hadhira nyingine, angetoa simulizi tofauti katika ubao uleule. Mwaka 1996 jumba la makumbusho mjini New York lilifanya maonyesho makubwa juu ya sanaa hii ya Waluba na kumbukumbu, na wataalamu wanaiandika hadi leo.

Sasa fikiria daftari la wageni la harusi. Watu huandika “Mungu awabariki”, wanaweka sahihi, na daftari linaishia juu ya kabati. Badala yake, fundi seremala akukatie ubao mdogo wa mti mgumu, aulainishe vizuri, atoboe matundu madogo yasiyotokea upande wa pili. Kila ukoo unapoingia, mkubwa wao achague shanga moja kwenye bakuli na kuibandika kwa gundi mahali pake: upande wa kulia kwa baba, upande wa kushoto kwa mama, katikati kwa marafiki na majirani. Bibi mwenye miaka themanini atachukua dakika kumi kuchagua. Mwacheni achague. Ikipita miaka, mtoto ataushika ubao na kuuliza ile nyekundu kubwa ni ya nani, na mtakuwa na la kumwambia. Angalizo moja: lukasa ya kweli ilikuwa na siri na masharti yake. Waambieni wazee mnachotaka kufanya, msije mkaonekana mnachezea mambo ya enzi.

Je, wajua kwamba mito ya mbao ya Waluba, ile inayojaza makabati ya makumbusho ya Ulaya, ilichongwa kwa ajili ya nywele? Wanawake wa Kiluba wa Shankadi walisukwa mitindo ya ngazi ngazi, kama maporomoko, iliyochukua saa nyingi sana kuikamilisha. Ukisha kusukwa hivyo huwezi kulalia shavu. Ulilaza shingo kwenye mto mdogo wa mti ili kichwa kielee. Wachongaji nao wakachonga mitindo hiyohiyo kwenye mito yenyewe. Msusi wako wa sokoni akipewa picha ya mto mmoja wa aina hiyo na siku mbili za kazi, bibi harusi hatafanana na mtu yeyote kwenye mitandao. Ada ya msusi itapanda, ila itabaki chini ya kukodi gauni lililokwisha kuvaliwa na wengine.

Je, wajua kwamba kuna kizazi kizima cha mabwana harusi wa nchi hii waliooa bila tai? Mobutu aliipiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1970, abakosti ikawa vazi la heshima, na tai haikuruhusiwa tena hadi hotuba yake ya tarehe 24 Aprili 1990. Fungua sanduku la babu. Ikiwa abakosti yake bado ipo na nondo hawajaila, mpelekee fundi aibane mabega. Hakuna duka la Lubumbashi litakalokuuzia suti yenye hadithi kama hiyo.

Je, wajua kwamba kabla ya faranga na kabla ya dola, mahari katika nchi hizi yaliweza kulipwa kwa misalaba ya shaba? Shaba ya Katanga ilimiminwa kwenye kalibu, ikatoka na umbo la msalaba, ikasafiri mbali kama fedha. Wachimbuzi wa mambo ya kale walipofukua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, kuanzia mwaka 1957, waliikuta imewekwa pamoja na marehemu. Mwaka 1960 ilichorwa kwenye bendera ya Katanga. Pete za dhahabu zikiwashinda, mfua shaba anaweza kuwatengenezea pete za shaba au vimisalaba vidogo vya shingoni. Vitageuza ngozi kuwa ya kijani kidogo wakati wa joto. Msishtuke, ni jasho tu.

Je, wajua kwamba Kamina ni njia panda ya reli tatu? Reli ya BCK ilifika Ilebo, enzi hizo Port-Francqui, mwaka 1928. Tawi la kwenda Kabalo liliungana mwaka 1956, likafungua njia ya Kalemie na Kindu. Ndiyo sababu mitaa yetu imejaa ndoa za reli: baba wa Kasai, mama wa Tanganyika, shangazi ameolewa Likasi. Wapangaji wa harusi huchagua tarehe kwanza, kisha huomba Mungu treni ifike. Geuzeni. Wekeni harusi ya serikali siku yenu, na wageni wa mbali wakifika, siku yoyote ile, sherehe ya pili inaanza stesheni palepale kwa ngoma na bukari. Gharama yake ni sufuria moja ya ziada. Picha pigieni kwenye jukwaa, msipande relini.

Je, wajua kwamba saa nane mchana hapa ni saa saba Kinshasa? Kongo ina majira mawili, na Haut-Lomami iko kwenye yale ya mashariki. Kaka aliyeko Kinshasa anayetakiwa kutoa baraka kwa video atachelewa saa nzima kama hukumwandikia ni saa ya wapi. Kwa walioko Brussels ni kizungumkuti zaidi: wakati wa kiangazi cha Ulaya saa zao na zetu ni sawa, wakati wa baridi wako nyuma kwa saa moja.

Je, wajua kinachofanya munkoyo uwe mtamu bila sukari? Unapika uji wa mahindi, unauacha upoe kidogo, unatia mizizi iliyopondwa. Ndani ya mizizi ile mna kimeng’enya kinachovunja wanga na kuufanya sukari, ndiyo maana uji mzito unalegea mbele ya macho yako na kuwa kinywaji. Ukinywewa mapema ni wa watoto na wachungaji. Ukisahaulika siku kadhaa, unaanza kuwa wa wajomba. Harusi ya watu mia mbili inaweza kutolewa munkoyo kwenye vibuyu, na kreti za soda zikabaki za meza kuu tu. Tena meza ya chakula ifuateni misimu: samaki wa kukaushwa wa mabwawa ya Upemba kwa wakati wa kiangazi, viwavi vya finkubala na uyoga kwa wakati wa mvua. Na harusi za Juni na Julai zina baridi kali usiku. Bibi harusi wa mabega wazi aandaliwe kikwembe cha kujitanda.

Je, wajua kwamba mpiga ngoma ndiye aliyeokoa ufalme wa Waluba? Wazee husimulia kwamba mfalme Nkongolo Mwamba alimwalika mpwa wake Kalala Ilunga kuja kucheza, huku amechimba shimo lenye ncha kali chini ya mkeka. Mpiga ngoma akamwonya kwa mdundo, kijana akaelewa, akatoroka, akarudi na jeshi. Na asili ya yote ni ndoa: Mbidi Kiluwe, mwindaji mgeni kutoka mashariki, aliwaoa dada wawili wa Nkongolo, Bulanda na Mabela, na Kalala Ilunga ni mtoto wa Bulanda. Hadithi hiyo ikichezwa kwa dakika kumi na vijana wa mtaa, itawashika wageni kuliko mashindano ya kula keki. Mpiga ngoma naye apewe chakula kabla hajaanza, na matabishi yasimsahau.

Je, wajua kuwa Mbidi Kiluwe huyohuyo, katika simulizi, ndiye aliyeshangaa kumwona mfalme akila mbele za watu? Kula kwa siri ilikuwa adabu ya kifalme. Hadi leo, katika familia nyingi za Kiluba, mkwe wa kiume haketi meza moja na mama mkwe. Anayepanga viti kwa kuiga picha za Ulaya, wazazi wote pamoja na maharusi, anawatesa watu wawili usiku mzima.

Je, wajua kwamba harusi ya Joseph Kabila na Olive Lembe di Sita, mwezi Juni 2006, iliongozwa na Kardinali Etsou wa Wakatoliki pamoja na Askofu Marini Bodho wa Kanisa la Kristo Kongo? Mmoja alikuwa Mprotestanti, mwingine Mkatoliki. Mjini kwetu, penye Wakatoliki, Wamethodisti na Wapentekoste ukuta kwa ukuta, habari hiyo ichapwe na kupelekwa kwa wazazi wanaosema haiwezekani.

Je, wajua kwamba kuna chama cha kiroho cha Katanga ambacho mtu na mwenzi wake huingia pamoja? Jamaa ilianza miaka ya 1950 upande wa Kolwezi, kutokana na Padri Placide Tempels, aliyekuwa ameishi miaka mingi na Waluba na kuandika juu ya falsafa ya Kibantu mwaka 1945. Mafundisho ya Jamaa hutolewa kwa Kiswahili, na kiini chake ni uzima, uzazi na mapendo. Baba na mama waliotangulia huwalea baba na mama wanaofuata. Hata asiye Mkatoliki anaweza kuazima utaratibu huo: badala ya wasimamizi waliochaguliwa kwa sababu wana gari, tafuteni wanandoa mnaotamani ndoa yao, na mkae nao jioni kadhaa kabla ya harusi. Waulizeni mambo ya fedha kwanza.

Je, wajua kwamba Vlisco, wenye vitambaa vya super wax vinavyowatoa jasho wakwe, ni kampuni ya Uholanzi iliyoanza mwaka 1846? Mombasa nako, duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa leso za “Mali ya Abdulla”, limekuwapo tangu mwaka 1887. Watu wa pwani hufikisha ujumbe kwa maandishi ya kanga. Kikwembe chetu cha sare hakina maneno, lakini fundi wa kutarizi anaweza kushona majina ya maharusi pembeni kwa uzi mmoja. Chagueni kitambaa ambacho shangazi maskini kuliko wote anaweza kukinunua, sare iwe ya wote kweli.

Je, wajua kwamba mwaka 2017 maharusi wa Kenya walifunga ndoa kwa shilingi 100 tu, bei ya pete mbili za chuma, wakiwa wamevaa nguo zao za kila siku? Walikuwa wameahirisha kwa kukosa fedha. Picha zao zikaenea, watu wakaguswa, na tarehe 14 Februari mwaka huohuo wakafanyiwa harusi ya pili ya kifahari kwa msaada wa wafadhili. Ya kwanza ndiyo inayokumbukwa.

Je, wajua kwamba Nigeria kumrushia noti mtu anayecheza ni kosa, kwa sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2007? Kwetu noti bado zinabandikwa kwenye paji la uso. Bahasha na M-Pesa haziokotwi na watoto chini ya viti.

Je, wajua kwamba “Malaika”, wimbo unaopigwa karibu kila harusi kutoka Mombasa hadi Lubumbashi, ni kilio cha mwanamume ambaye hakuweza kuoa kwa kukosa mali? Bwana harusi aliyemaliza kulipa mahari wiki iliyopita anaucheza kwa tabasamu. Bwana harusi ambaye bado anadaiwa mbuzi wawili aseme na DJ mapema.